Grupu lina watu 186, Jumamosi tunakuja wanne

BARUA

Shikamoo anko. Mi nipo Morogoro, Kihonda, nina miaka 31, kazi yangu ni mahesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi lakini ugonjwa wangu ni kompyuta tangu niko sekondari. Mwaka 2022 nilinunua kale kakompyuta kadogo ka Raspberry Pi kwa jamaa aliyekuwa anahama, nikakaa nako wiki nzima nakahangaikia usiku, nikajiuliza hivi Moro nzima niko peke yangu kweli? Nikaulizia ulizia, tukapatikana watu 11, tukaanza kukutana kila Jumamosi saa nane mchana kwenye chumba cha tuisheni cha mzee mmoja anayetufahamu. Anko ilikuwa raha. Kuna siku tulifika 35 mpaka wengine wakasimama dirishani, tulikuwa tumeunganisha Arduino, kale kabodi kadogo ka kompyuta ka kuendeshea taa na vipimo, na kopo la mchicha inapima unyevu wa udongo, udongo ukikauka taa inawaka, yaani watu walishangilia ule mchicha kama goli la dabi.

Sa hivi tumebaki wanne, na kati ya hao wanne mmoja ni mdogo wangu wa damu, haesabiki.

Grupu la WhatsApp lina watu 186 lakini ukifungua unakuta maua ya habari za asubuhi, mtu anauza kiwanja, mwingine kuku wa kienyeji, na kuna kijana wa forex anaposti grafu kila siku. Nikiuliza "Jumamosi nani anakuja?" napata dole gumba 40, wanakuja watatu. Na mi najitahidi anko, Alhamisi na Ijumaa nalala saa saba naandaa slaidi, nimewafundisha Python, ile lugha ya kuandikia programu, kwa mpangilio kabisa, nilishapanga tuingie kwenye database, naazima projekta, nabeba ekstensheni yangu, bando langu. Mke wangu juzi kaniambia "kila Jumamosi unatoka na ekstensheni unarudi na ekstensheni, kwani huko kwenye kompyuta hakuna waya?" Nilicheka ila iliniuma.

Sasa matatizo yamekuja kwa pamoja. Mzee wa chumba anataka elfu 20 kila tukikutana, anasema umeme unapanda. Mchango wetu ni elfu mbili kwa kichwa, anayelipa analipa, asiyelipa halipi, kwenye kibubu mpaka leo kuna elfu 87, na wiki iliyopita mtu ambaye hajaonekana mwaka mzima kaandika kwenye grupu "hizi hela zetu mbona hatuelezwi". Kuna fundi mzuri sana wa laptopu alikuwa na sisi, kaondoka kwa hasira, anasema tunatengenezea watu bure tunamuulia biashara. Kuna dada wa stesheneri naye alipotea, nikakutana naye Msamvu nikamuuliza vipi, akasema "kaka, kila nikiuliza kitu mnacheka." Wanafunzi wa chuo ndo usiseme, wakimaliza wanaondoka, kila mwaka tunaanza sifuri.

Nimefikiria mambo manne. Tuvunje kila mtu akapumzike. Au tusajili tuwe NGO tutafute wafadhili. Au tuingize forex maana vijana ndo wanachokitaka. Au niwatoe kwenye grupu wote wasiohudhuria wajue tupo siriasi. Nishauri anko.

Mwana-kompyuta aliyechoka, Morogoro

JIBU

Marahaba mjomba. Kwanza pole, na pole zaidi kwa huyo mke wa watu anayeangalia ekstensheni inatoka na kurudi.

Nianze na la kwangu maana barua yako imenirudisha mbali. Mwaka 2003 nilikuwa nasimamia intaneti kafe moja Dar, mashine 12 za Pentium III, intaneti ya kusubiri picha ifunguke kuanzia kwenye nywele mpaka uje uone kidevu. Jumapili tulikuwa tunafunga kwa wateja, mi na vijana kama tisa tunabaki ndani tunafungua mashine mbovu, tunachomeka Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kutoka kwenye sidii, tunaunganisha mashine tunacheza gemu. Ilikwenda karibu miaka mitatu. Halafu nikapata msiba Songea, baba mkubwa, nikakaa huko wiki tano. Kurudi nikakuta hakuna kundi. Hawakugombana, hakuna aliyeniudhi, ila ufunguo wa kafe nilikuwa nao mimi mfukoni, kule Songea. Jumapili ya kwanza walikuja wakakuta kufuli, ya pili wakaja wawili, ya tatu hakuja mtu, na mtu akishazoea Jumapili ya kulala huwezi kumrudisha tena.

Kwahiyo nikisoma barua yako sioni watu wavivu, naona mtu mmoja mwenye ufunguo, ekstensheni, projekta, bando, slaidi na kibubu. Mjomba umeanzisha kundi halafu taratibu ukaligeuza darasa, na mwalimu ni wewe peke yako. Angalia hata ulivyoandika, "nimewafundisha Python kwa mpangilio". Mpangilio maana yake ni kwamba mtu akikosa Jumamosi mbili kwa sababu ya harusi na mafua, ya tatu akija anakuta mmeshafika mbali, anaona aibu, haji tena. Darasa lina mitihani na cheti vya kumvuta mtu arudi, we huna hata kimoja. Na angalia siku uliyoikumbuka kwa raha, haikuwa siku ya slaidi, ilikuwa siku ya mchicha. Kopo la mchicha kila mtu anaweza kulisogelea akatia kidole.

Nenda kwenye baraza lolote wanapocheza bao ukatazame. Hakuna tangazo, hakuna ada, hakuna wa kuwabembeleza, na jioni wamejaa. Wawili wanacheza, wengine wanaangalia na kubishana, kila mtu anajua akikaa kidogo zamu yake itafika. Asiyejua anajulia hapohapo kwa kutazama. Lile ndo kundi.

Na wazungu wenyewe walioanzisha haya mambo hawakuwa na darasa. Tarehe 5 Machi 1975 watu kama 30 hivi walikutana kwenye gereji ya jamaa anaitwa Gordon French, Menlo Park kule California, wameitwa na yeye na mwenzake Fred Moore, kwa sababu kulikuwa na kompyuta mpya ya kujiunganishia mwenyewe vipande vyake inaitwa Altair 8800 na kila mtu anataka kuiona kwa macho. Kundi likaja kuitwa Homebrew Computer Club. Steve Wozniak, mmoja wa walioanzisha Apple, alikuwepo gerejini siku ile ya kwanza, na kompyuta ya kwanza ya Apple aliichora kwa ajili ya kuwaonyesha wale wenzake, michoro yake akawa anawagawia bure. Walikuwa wanakutana kila wiki mbili, wakadumu mpaka mwishoni mwa 1986, na kikao chao kilikuwa na sehemu mbili tu. Ya kwanza, mwendeshaji, kwa miaka mingi alikuwa Lee Felsenstein, anapitisha neno, mtu anasimama anasema ana nini, anatafuta nini, kasikia nini. Ya pili, kila mtu anamfuata yule aliyemsikia, wanajikusanya vikundi vikundi, kelele. Basi. Hayo mengine yote yalizaliwa kwenye ile kelele.

Sasa ibebe hiyo uipeleke Kihonda. Jumamosi ijayo usiandae slaidi hata moja, lala mapema Ijumaa mkeo akushangae. Mkishakaa kila mtu aseme vitu viwili, "nina" na "nahitaji". Nina laptopu inayowaka bila kuonyesha kitu. Nahitaji chaja ya Dell yenye pini nyembamba. Nina flashi imekataa kusoma. Nahitaji mtu anielekeze jinsi ya kupanga mahesabu ya duka kwenye Excel. Dakika 20 imeisha, halafu mnatawanyika ndani ya chumba. Hata mkiwa wanne inafanya kazi, tena wanne ni wazuri, na mdogo wako mhesabu naye, anakuja Jumamosi mvua na jua halafu unasema haesabiki!

Unaweza kusema watu wenyewe hawana cha kuleta. Wanacho kingi mwaka huu kuliko mwaka wowote. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10, na Windows 11 haikubali rasmi mashine nyingi za zamani kwa sababu inataka kachipu ka usalama ka TPM 2.0 na prosesa za karibuni, kwa Intel ni kuanzia kizazi cha nane. We unajua laptopu za mitumba zilizojaa mjini, zile zilizotoka maofisini Ulaya zikapita Kariakoo, nyingi ni i5 za kizazi cha tatu, cha nne, cha sita. Mwenye nayo anajua tu kwamba imekuwa nzito na inamletea ujumbe asiouelewa. Muiteni. Mtoeni diski ya kuzunguka mumuwekee SSD, diski ya chipu isiyozunguka na yenye kasi, hapo tu atadhani mmembadilishia mashine, ongezeni RAM kama nafasi ipo, na anayetaka awekewe Linux Mint ile ya Xfce, yaani toleo lake jepesi, inakwenda vizuri kwenye RAM ya gigabaiti 4. Mtu anaingia na jiwe anatoka na kompyuta, na habari hiyo anaipeleka mwenyewe kazini Jumatatu bila kuombwa.

Ila msiwe wahubiri wa Linux, nawajua watu wetu. Dada wa stesheneri ambaye wateja wanamletea barua na CV za Word kutwa nzima, ukimwekea LibreOffice, ile ya bure inayotumika badala ya Word, mistari ikahama, majedwali yakapanda juu ya mengine mbele ya mteja, umemuharibia siku. Huyo mwambie ukweli abaki na Windows, akipata hela atafute mashine inayokubali 11. Na kabla hamjagusa mashine ya mtu, nakilini mafaili yake pembeni kwanza, muonyeshe kwa macho yake kwamba yapo, ndo mwendelee. Mi nshawahi kufuta picha za harusi za mtu mwaka 2008, mpaka leo tukikutana barabarani mmoja wetu anavuka ng'ambo.

Kuhusu fundi wako, mi niko upande wake. Yule anakula kwa mikono yake, nyie mnakula mishahara halafu mnagawa kazi yake bure kila Jumamosi na mnaita hobi. Mfuate dukani kwake, usimpigie, na mkubaliane kitu kimoja kwamba kwenye kundi hakuna kumtengenezea mtu, mwenye mashine anashika bisibisi mwenyewe na aliyejua anakaa pembeni anaelekeza. Kuna wenzetu wa Repair Café, vikao vya watu kutengeneza pamoja vitu vyao vilivyoharibika, walianza Amsterdam mwaka 2009, wanakaa hivyohivyo na mwenye kitu, hawakipokei kama gereji. Anayesema "mi sina muda, nitengenezeeni tu" mpelekeni kwa fundi wenu na kulipia akalipie. Kubadilisha chipu (IC) ya chaji au kioo ni kwa fundi moja kwa moja, msijaribu kwenye meza ya tuisheni. Akiona mnamletea wateja atarudi, na mkimpa "nahitaji" yake, mfano anahitaji mtu wa kumtengenezea jedwali la vipuri vilivyobaki dukani, atakaa.

Huyu dada wa stesheneri ndo ananiumiza zaidi. Umekutana naye Msamvu, kakwambia mnamcheka, halafu? Barua haisemi ulijibu nini, nahofia ulisema "aah walikuwa wanatania". Nenda kamuombe radhi, bila maneno mengi. Halafu kwenye chumba ipigwe marufuku ile sentensi ya "hiyo nayo unauliza?" na ile tabia ya mtu akikwama mjuaji anamnyang'anya mausi anafanya chap chap, "umeona?" Hajaona chochote. Mausi inabaki mkononi kwa mwenyewe hata kama itachukua nusu saa. Na ongeeni Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu zote za kazi za ofisi kwa Kiswahili, niliiweka kwenye mashine moja pale kafe, vijana wajuaji waliicheka lakini mama mmoja aliyekuwa anakuja kuandika barua za kikundi chao aliing'ang'ania ile mashine, mtu mwingine akiikalia anasubiri. Mjuaji akicheka anapoteza dakika moja, aliyechekwa anapoteza miaka.

Hela na chumba. Elfu 20 kwa kikao msiilipe na wala msimchukie mzee, anasema umeme, basi ongeeni umeme. Mwambieni mtakuwa mnanunua LUKU, mnamtumia tokeni kila mwezi ya kiasi mtakachokubaliana, na kingine kikubwa zaidi ni kwamba mtu wa tuisheni ana printa inayokwama karatasi, ana mashine ya kuchapia mitihani iliyojaa virusi, na analipa mtu kila ikigoma. Hiyo kazi ichukueni nyie. Akishawategemea kwenye printa ya mitihani mtaona kama atawafukuza msimu wa mitihani! Zile elfu 87 usibaki nazo wewe hata siku moja zaidi. Ziandikwe kwenye daftari, kilichoingia na kilichotoka, daftari libandikwe ukurasa wake kwenye grupu kwa picha, na zishikwe na mtu mwingine. Najua umeumia kuulizwa na mtu asiyeonekana, lakini alikuwa na haki, ni hela yake elfu mbili. Elfu mbili za lazima zifuteni, wekeni kopo, na mkiona kitu cha kununua, mfano bisibisi seti nzuri au SSD moja ya majaribio, changieni hicho kitu kwa jina lake. Mtanzania anachangia anachokiona.

NGO hapana. Watu wanne, mdogo wako akiwemo, mnataka katiba, bodi na ripoti ya mwaka? Mtaanza kukutana kuzungumzia usajili na kompyuta hazitafunguliwa tena. Forex nayo hapana, na huyo kijana wa grafu mwambie kistaarabu atafute pengine, maana siku mtu atakapopoteza ada ya mtoto atasema kaipotezea "kwenye lile kundi la kompyuta". Kutoa watu kwenye grupu pia usitoe, 186 hawakudhuru, wale ni watu wanaopita barabarani wanaowaona mmekaa barazani, siku moja mmoja laptopu yake itagoma. Wewe fungua tu grupu jingine dogo la wanaokuja. Na uache kuuliza "nani anakuja", chukua simu uwapigie watu sita waliopotea, kila mmoja na jambo lake, "ile mashine yako ya HP vipi, Jumamosi tunafungua moja kama hiyo." Dole gumba ni rahisi kulibonyeza ukiwa umelala, sauti ya mtu ina uzito.

Wanafunzi wataondoka tu mjomba, ndo maana wanaitwa wanafunzi. Usiwafanye nguzo. Nguzo iwe mtu mwenye mizizi hapo mjini, fundi, dada wa stesheneri, mwalimu, mzee mstaafu mwenye kompyuta aliyoachiwa na watoto. Mwanafunzi mpe sharti moja, kabla hajamaliza alete wa mwaka wa kwanza na amkalishe kwenye kiti chake. Kalenda nayo itazame, likizo za vyuo, masika ya Machi mpaka Mei ambapo Moro saa nane mchana unaweza kuogelea, Ramadhani watu wanataka kuwahi nyumbani, hayo si ya kushangaa kila mwaka, sogezeni muda au pumzikeni kwa tarehe inayojulikana. Mi ningekushauri muache kila Jumamosi, fanyeni mara mbili kwa mwezi, ya kwanza na ya tatu.

Na sasa ufunguo. Uende kama mchezo wa upatu, kila kikao kina mwenyewe, jina lake linajulikana mapema, yeye ndo anafungua chumba, anapitisha "nina" na "nahitaji", anafagia, anafunga. Chongesheni funguo mbili zaidi, mzee akikubali. Ekstensheni iache hukohuko chumbani. Halafu, hili ni gumu kuliko yote, ukishaweka zamu tatu, kikao kimoja usiende. Kaa nyumbani, mpeleke mkeo Rock Garden mkale samaki, simu izime. Wakikutana bila wewe una kundi. Wakikuta kufuli, angalau umejua mapema, si kama mimi niliyekuja kulijua nikiwa nimeshuka kwenye basi la Songea.

Na kwa kuwa nimekwambia muanze na hivyo vitu viwili, na mimi nianze. Nina RAM mbili za laptopu, DDR3, gigabaiti nne kila moja, zimekaa kwenye droo tangu mwaka juzi. Nahitaji mtu wa Moro anayepita stendi ya Magufuli azichukue aende nazo huko, na akishazichomeka anitumie picha ya mashine ikiwa imewaka.